Maua Mekundu ya Bamia

“Nani ameweka kigoda hapa?”

Abrafi alimtazama mama mkwe wake. Kigoda kilikuwa pale pale kilipokaa tangu siku aliyoolewa katika nyumba hii, kando ya mlango wa jiko, na Maame Konadu alikuwa amekigonga kwa ugoko utadhani ametumwa kukigonga. Mtoto mchanga, aliyezaliwa jana yake, alishtuka kifuani kwa mama yake, akakunja uso, kisha akaamua kuendelea na usingizi.

“Nauliza, nani ameweka kigoda hapa? Mnataka nivunjike mguu mnirithi?”

“Samahani, Maame.”

Abrafi alikwisha kuzoea. Siku hizi kila kitu kilikuwa kosa lake. Supu ya mawese ikimwagika nje ya bakuli, kosa ni la Abrafi aliyenunua mabakuli madogo. Mama mkwe akimsalimu mke wa katekista kwa jina la mwanamke mwingine mlangoni mwa kanisa, kosa ni la Abrafi ambaye hakumnong’oneza mapema. Abrafi alikuwa amejipa jibu la mambo hayo yote: hanipendi. Mama yake mzazi alikwisha kufariki, kwa hiyo hakuwa na pa kwenda kujifungulia wala pa kwenda kulia.

Ukweli ulikuwa mwingine, na Konadu aliuficha kama watu wanavyoficha sufuria ya nyama wageni wanapobisha hodi. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Mwanga na kivuli aliviona. Mtu akisimama mlangoni alijua ni mtu. Zaidi ya hapo alikisia. Nyumba aliijua kwa miguu, na watu aliwajua kwa sauti, kwa harufu na kwa namna wanavyokohoa. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga chapa za nguo kwa mistari iliyonyooka kuliko uzi, katika mji ambao kila nyumba ya pili ni ya wapiga chapa. Hakuwa tayari kuwa bibi wa kushikwa mkono kupelekwa msalani.

Mwanawe, Kwaku Boakye, alitoka chumbani akifunga vifungo vya shati. Alikuwa fundi wa magari, mtu wa maneno machache, na akiwa na jambo zito alilisema akiwa anafanya jambo jingine.

“Mama, nataka tuongee habari ya jina.”

“Jina la siku kaja nalo mwenyewe. Kazaliwa Jumatano, ni Akua. Hilo lingine ni lako wewe baba yake. Sema.”

“Agyeiwaa.”

Konadu alipapasa ukuta, akapata kigoda alichokuwa akikitukana, akakikalia.

“Majina yameisha katika ukoo huu?”

“Mama mdogo ndiye aliyenilea, Mama. Shule yote nimesomea Sunyani, nimekula kwake, nimelala kwake. Akinipiga ni yeye, akiniuguza ni yeye.”

“Basi mwite. Simu unayo, unalala nayo kama mke wa pili.”

“Hataki kuitwa na mimi, unajua alichosema: nisiitwe na watoto, nisipigiwe simu. Siku Konadu mwenyewe ataniita kwa mkono wake, nitakuja.” Kwaku alikuwa amemaliza vifungo, akaanza kuvikagua upya. “Na jina la mtu aliye hai haliibwi, Mama. Lazima aje, amtie mtoto maji mdomoni yeye mwenyewe. Asipokuja Jumatano ijayo, mimi sina jina lingine.”

Alichukua kofia yake, akaondoka kwenda kazini. Konadu alibaki na mikono mapajani, na Abrafi, aliyekuwa akimtazama kwa pembe ya jicho, aliona midomo yake ikitetemeka. Akadhani ni hasira.

* * *

Ugomvi wenyewe haukuwa wa shamba wala wa dhahabu. Kwetu, kifo hakitupwi usoni mwa mtu aliye mbali. Humpigii mtu simu ukamwambia mama amekufa. Anaweza kuanguka huko aliko na asiwe na wa kumwinua. Unamwambia, njoo, mama hajisikii vizuri. Mwenye masikio husikia, akafunga nguo zake nyeusi kwenye fuko na kuja. Mama wa dada hawa wawili, Konadu na Agyeiwaa, alipofariki, Konadu alisema maneno hayo hayo kwenye simu, kwa sauti ya upole, kama alivyofundishwa.

Agyeiwaa siku hiyo masikio yake yalikuwa sokoni. Aliyasikia maneno yalivyo: mama hajisikii vizuri, kama kila majira ya mvua. Akamaliza kwanza kuuza viazi vikuu vyake visije kuoza, akanunua dawa ya kifua na fuko la machungwa, akaja siku kadhaa baadaye. Alikuta ua umejaa watu waliovaa nyeusi, na mgonjwa yuko mochwari. Aliyaweka machungwa katikati ya ua, mbele ya watu wote, akauliza, “Mimi ni mtoto wa kubembelezwa? Mama anakufa, dada yangu ananidanganya?” Na Konadu, aliyekuwa hajala wala kulala, akajibu neno ambalo amelitafuna hadi leo: “Mwenye akili angeelewa.”

Basi. Neno moja tu, na miaka ikapita juu yake.

* * *

Jioni, aliporudi kazini, Kwaku alileta wazo la wazee: Opanyin Sarpong, mkuu wa ukoo, aende Sunyani na chupa ya kinywaji kumwombea mama yake msamaha, kama desturi inavyotaka.

“Sarpong?” alisema Konadu. “Nimemfuta kamasi huyo. Leo akanisemee mimi kwa mdogo wangu? Hapana. Amesema nimwite kwa mkono wangu. Nitamwita kwa mkono wangu. Nitamtengenezea kadi.”

Kwaku alitaka kucheka, lakini aliona uso wa mama yake ukiwa na kitu ambacho hajakiona tangu utoto, akaacha.

Vijana wa leo hawajui kadi za nyumba hii. Siku hizi watu wanatumiana maua yanayomeremeta kwenye simu, na wimbo juu yake, na ukishayatazama unayafuta ili nafasi ipatikane. Zamani, Krismasi ilipokaribia, meza ndefu ilitolewa hadi barazani na ua wote ukanuka wino. Konadu alipiga chapa, Agyeiwaa akachora maua. Walianza wakiwa wasichana, mwalimu mmoja wa misheni alipomwachia Agyeiwaa kisanduku chake cha bati cha rangi za maji. Kadi zilianikwa kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, na kuku walifukuzwa kutwa nzima, na bado kila mwaka kulikuwa na kadi moja yenye nyayo za kuku, ambayo Agyeiwaa aliigeuza ikawa ndege wa angani. Mchungaji alitaka zake, walimu walitaka zao, na wanawake wenye wana Accra walipanga foleni. Mwenye kadi aliandika maneno yake mwenyewe ndani. Dada wawili hawakuandika neno. Chapa ilisema, ua likaitikia.

Na vicheko! Katika nyumba ile kulichekwa hadi mama yao akatoka na mwiko kuuliza kama kadi hizo ni za Yesu au za ulevi.

* * *

Asubuhi, Kwaku alipokwenda kazini, Konadu alitoa kikapu cha chapa. Zimechongwa kwa vipande vya kibuyu, kila moja na kijiti chake cha kushikia, na yeye hakuhitaji macho kuzitambua. Alipitisha kidole gumba juu ya michongo, moja baada ya nyingine, akizisalimu. Ngazi, hapana. Nyota, hapana. Kisha akaipata aliyoitaka: fundo la upatanisho, kamba iliyozungukana isiyo na mwanzo wala mwisho.

Wino ulikuwa umepashwa moto. Wino wetu hutoka kwenye magome ya mti, huchemshwa hadi uwe mweusi na mzito kama asali, na ni huo huo kwa nguo za misiba na kwa nguo za sherehe. Kinachotenganisha ni rangi ya jirani yake. Mweusi juu ya nyeupe ni furaha. Mweusi na nyekundu, hapo mtu amekufa.

Alichovya, akakung’uta mara moja, akaweka kidole gumba cha kushoto kwenye ukingo wa karatasi nene, akaibiringisha chapa kutoka upande huu hadi upande ule, kwa maana uso wa kibuyu una mbinuko, ukiubandika kama muhuri wa posta unapata nusu tu. Akasogeza kidole, akapiga tena. Mafundo yalizunguka kadi pembe hadi pembe, yamenyooka, hata moja halikumpanda mwenziwe. Katikati aliacha peupe. Hapo ndipo pa Agyeiwaa siku zote.

Alikaa akipashika hapo katikati kwa kiganja. Angeweza kupaacha vile. Lakini aliona kumwita mtu huku umemwachia kazi yake mezani si kumwita, ni kumwagiza. Akachukua kisanduku cha bati alichokiacha mdogo wake, akakifungua, na moyo ukamwenda mbio kama wa msichana anayegusa vitu vya dada yake bila ruhusa.

Mpangilio aliukumbuka. Kidonge cha kwanza mkono wa kushoto ni njano, halafu kijani, halafu vingine ambavyo havikumhusu. Alichagua maua ya bamia, yale ya njano yenye koo jeusi, kwa sababu mama yao alipanda bamia nyuma ya jiko na kila asubuhi aliwaambia wasiyachume, na kila asubuhi waliyachuma. Alilowesha brashi. Aliwahi kutazama mkono wa mdogo wake ukichora ua hilo mara nyingi mno, na sasa mkono wake mwenyewe ukaenda kwa kumbukumbu: petali tano, pana juu, nyembamba chini, moja imelalia nyingine. Kwenye karatasi aliona kivuli tu kikitua. Alipomaliza, machozi yalikuwa yamefika kidevuni, na akayaacha.

Asichojua ni kwamba Abrafi, katika wiki za mwisho za ujauzito, alishikwa na ule wazimu wa usafi unaowashika wenye mimba. Alisugua kuta, alifua mapazia, na alipokuta kisanduku cha bati kimejaa vumbi, alitoa vidonge vya rangi, akavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa, akavirudisha kwa namna iliyompendeza. Nyekundu aliiweka ya kwanza. Njano aliipeleka mwisho.

“Abrafi! Njoo uone.”

Abrafi alikuja na mtoto begani. Akatazama, akasogea karibu. Mafundo meusi pande zote, na katikati maua makubwa mekundu, mazuri ajabu, yamefunguka kama vinywa. Ilifanana na matangazo ya misiba yale yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme, fulani wa fulani amelala.

“Yametoka?” aliuliza Konadu.

Wazo la kwanza la Abrafi lilikuwa baya: bibi amefanya makusudi, anamtumia mdogo wake laana. Kisha akaona kisanduku. Kidonge chekundu kilikuwa kimelowa. Cha njano, kule mwisho, kilikuwa kikavu. Akamtazama mama mkwe, uso uliolowa machozi umemwelekea yeye, lakini macho yakimtazama kidogo pembeni, kwenye sikio la mtoto. Kigoda, mabakuli, mke wa katekista, vyote vilimjia kwa mpigo.

Alifungua mdomo. Na hapo hapo sauti ikaingia uani kabla ya mwenyewe: Maame Tiwaa, jirani, na mwenzake, wamekuja kumwona mtoto. Tiwaa alikuwa mtu ambaye ukimwambia jambo saa ya chai, wauza samaki wanalo saa ya chakula.

“Hodi wenye mali! Tumekuja kuona kama huyu ametoa pua ya baba au ya babu. Ehee, Maame Konadu, na wewe umerudi kazini? Nilidhani umestaafu.”

“Nimestaafu nini? Wewe umestaafu umbeya?” Konadu aliifunika kadi upesi kwa karatasi safi, akanong’ona, “Abrafi, nimekuuliza. Yametoka?”

Kusema ni nyekundu, mbele ya Tiwaa, ni kusema bibi huyu ni kipofu.

“Yametoka, Maame,” alisema Abrafi.

Alijiambia atasema wageni wakiondoka. Lakini Tiwaa alikaa, akala kiazi kikuu kilichopondwa kwa mafuta ya mawese na yai, akasifu, akaomba kingine. Katikati ya kingine, lori la dereva Baffour, anayechukua viazi vikuu njia ya Sunyani, lilipiga honi barabarani. Konadu aliitia kadi kwenye bahasha kwa mikono yake mwenyewe, akailamba, akaipeleka hadi getini akihesabu hatua kimoyomoyo.

“Mpe mkononi, Baffour. Mkononi mwake, na umwambie aje Jumatano.”

Jioni Abrafi alijaribu tena. Alimfuata mumewe kwenye beseni la kunawia, akasema, “Kwaku, ile kadi ya Mama...”

“Umemwona leo?” Kwaku alikuwa akitabasamu, uso umejaa sabuni. “Kaniimbia wimbo wa Krismasi. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.”

Abrafi akampa taulo. Neno likarudi lilikotoka.

* * *

Jumatano watu walifika mapema, wamevaa nyeupe. Viti vya plastiki vilijaa uani. Opanyin Sarpong, yule aliyefutwa kamasi, sasa mzee wa nywele nyeupe na sauti nzito, alikaa mbele na bilauri mbili mezani, moja ya maji na moja ya pombe kali, tayari kumfundisha mtoto ladha ya ukweli. Konadu alikaa karibu na geti kwenye nguo nyeupe mpya. Kila gari lilipopita aliuliza.

“Nani?”

“Wa mikate, Maame,” alijibu Abrafi.

“Na huyo?”

“Ni pikipiki tu.”

Jua lilipanda. Opanyin Sarpong alikohoa. “Kwaku, mtoto hutajwa jina jua likiwa changa. Unangoja nini?”

“Tungoje kidogo, Opanyin.”

“Kidogo ilikwisha zamani,” alisema Maame Tiwaa, si kwa sauti ya chini ya kutosha. “Sijawahi kuona mtoto anangoja jina kama anangoja basi. Agyeiwaa huyu angekuwa wa kuja, angekuja mwaka jana.”

Kicheko kidogo kilipita kwenye viti. Konadu alikisikia. Alinyoosha mgongo, akatazama mbele, kule ambako hakuona kitu, na mkono wake ukaanza kukunja na kukunjua pindo la nguo. Abrafi alimtazama akaona aibu inavyomla mtu aliyevaa vizuri. Kwaku aliinama kumwambia mkuu wa ukoo kitu sikioni, na mzee akaitikia kwa kichwa polepole, kukubali kwamba mtoto atabaki Akua mtupu, basi.

Ndipo kilio kikasikika.

Kilitoka njia panda, kilio cha msiba hasa, kile kinachopanda na kuvunjika. Watu waligeuka. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa akija mbio barabarani, mikono kichwani, amevaa nyeusi tupu na kitambaa chekundu kipajini, viatu ameshika.

“Dada eee! Konadu eee! Safari hii sikungoja! Sikungoja, dada! Jana jioni nimekabidhiwa, alfajiri nimepanda gari! Umekufa unataka tupatane, na mimi niko sokoni napima viazi! Nani nitamwambia samahani sasa? Nani eee?”

Wageni waliinuka. Mmoja alimnong’oneza mwenzake, nani kafa? Mwingine alianza kuvua mkufu wake, pambo lisilofaa msibani, tahadhari tu. Agyeiwaa aliingia getini bila kuona nguo nyeupe wala viti, akajitupa chini katikati ya ua na kupiga mchanga kwa viganja.

Konadu alisimama. Sauti ile angeitambua hata kaburini. Alikwenda mbele mikono imetangulia, akagonga kiti, akagonga mtu, akafika.

“Agyeiwaa? Agyeiwaa mdogo wangu, nani kafa?”

Kilio kilikatika. Agyeiwaa aliinua uso wenye mchanga.

“Wewe,” alisema. “Wewe ndiye umekufa!”

“Mimi?”

“Si umeniletea mwenyewe habari!” Aliichomoa kadi kifuani, imekunjika, imelowa jasho. “Hii nini? Nyeusi na nyekundu, na fundo letu! Nimerudi shambani nikaambiwa dereva ameiacha kwa jirani, nikafungua, nikaona. Nikasema, safari hii angalau hawakunidanganya.”

Kadi ilionekana na wote. “Yesu wangu,” alisema Maame Tiwaa. “Ametuma tangazo la msiba kwenye sherehe ya jina.”

“Msiba gani?” Konadu aligeuza kichwa huku na huku akitafuta sauti. “Ni maua ya bamia. Ya nyuma ya jiko la mama. Ni ya njano!”

Ukimya wa watu wengi una uzito wake, na Konadu aliuhisi ukimshukia begani. Alielewa. Uso wake, uliokuwa na fahari asubuhi nzima, ulivunjika vipande vipande mbele ya mji.

“Ni mimi,” alisema Abrafi. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ua ulikuwa kimya. “Nilisafisha kisanduku nikapanga rangi upya. Na siku ile niliona ni nyekundu, Maame. Niliona, nikanyamaza. Niliogopa kukutia aibu, na sasa nimekutia kubwa zaidi. Nisamehe.”

Agyeiwaa alikuwa amesimama. Alipitisha mkono mbele ya macho ya dada yake, mara moja, mara mbili. Kisha akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akaona wingu jeupe lililokaa ndani ya mboni zote mbili.

“Tangu lini?”

“Mvua za mwaka juzi.”

“Mwaka juzi! Na hukumwambia mtu?”

“Nimwambie nani?” alisema Konadu. “Niliyekuwa nikimwambia mambo yangu ni wewe.”

Agyeiwaa alimvuta kifuani, nyeusi juu ya nyeupe, na hapo wakalia wote wawili. Na wengi wetu tulilia, hata Tiwaa, ingawa yeye alilia huku akitazama vizuri. Konadu alikuwa anasema kitu kwenye shingo ya mdogo wake. Waliokuwa karibu walisikia.

“Ningekwambia, Agyeiwaa. Mara ile. Ningesema tu, mama amekufa, njoo. Ungeanguka, ungeinuka. Nisamehe.”

“Na mimi ningeelewa,” alisema Agyeiwaa. “Kila mtu angeelewa. Nilielewa, dada. Sikutaka tu iwe kweli.”

Opanyin Sarpong alikohoa kikohozi cha mkuu wa ukoo. “Wanawake, mtoto hashikwi na mtu mwenye nguo za msiba. Mpelekeni ndani. Na mtu ampe maji ya kunywa, ametoka mbali kuja kumzika mtu mzima wa afya.”

Watu walicheka kwa nguvu kuliko kichekesho chenyewe kilivyostahili. Abrafi alimwachia mumewe mtoto, akawapeleka dada wawili chumbani. Konadu alipofika kizingitini alisita, na Abrafi akangoja bila kumgusa, hajui kama anaruhusiwa. Konadu alinyoosha mkono hewani.

“Unangoja nini? Nishike,” alisema. “Leo wameshaona wote.”

Agyeiwaa alitoka amevaa nguo nyeupe ya dada yake, pana kwake kiunoni, pua imevimba, kipaji kina alama ya kitambaa kilichovuliwa. Alimpokea mtoto, akachovya kidole katika maji, akakitia mdomoni mwake. “Akua Agyeiwaa, ukisema maji, yawe maji.” Akachovya katika pombe. “Ukisema pombe, iwe pombe.” Mtoto alikunja uso kwa ile ya pili, na ua wote ukaitikia kwa vigelegele. Kwaku alisimama nyuma ya mama yake wa pili, akijifuta macho kwa mkono wenye mafuta ya gari ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote.

Sahani zilipoanza kupita, na Tiwaa kupata cha kuwaeleza wauza samaki, Konadu alimvuta mdogo wake kwenye benchi la pembeni. Alikuwa amempakata mtoto. Amempakata wiki nzima, amemwogesha, amemwimbia, na kila mgeni aliyesema tazama pua hiyo, yeye aliitikia, naam, naitazama. Sasa aliinama karibu kabisa na Agyeiwaa, akasema kwa sauti ambayo hata Abrafi, aliyekuwa akipita na jagi la maji, aliisikia kwa shida.

“Watu hawatazami sasa?”

“Wanakula.”

“Basi niambie anafananaje. Taratibu. Usiruke kitu.”

Agyeiwaa alimchukua mtoto, akamsogeza kwenye mwanga, akaanza na nyusi.